Goli au risasi? Kelele za mpira kutoka Nakivale hadi vyuo vya Mbarara

NAKIVALE, Uganda

Goli la kwanza nililolisikia Nakivale sikuliona. Nilikuwa na umri wa miaka tisa, nimesimama kwenye foleni ya bomba la maji na jerikeni yangu ya manjano, pale kelele zilipolipuka upande wa uwanja wa Base Camp. Zilikuwa sauti za mamia ya watu kwa mara moja, bila onyo.

Foleni ikagawanyika. Waliokaa hapa miaka mingi hawakugeuza hata shingo. Sisi tuliofika mwaka huo tulitupa jerikeni chini tukakimbia. Mama alinishika mkono akanivuta hadi nyuma ya ukuta wa udongo wa nyumba ya mtu tusiyemjua, akanilalia. Nilisikia maji yakiendelea kumwagika bombani. Kisha nikasikia kicheko, na punde kicheko kile kikakatika. Nadhani waliocheka walikumbuka kwamba nao walifika siku moja.

“Ni mpira, mama,” mwanamume mmoja alituambia kwa Kiswahili cha kwetu. “Batoto bamefunga.”

Huo ulikuwa mwaka 2012. Mwezi Julai waasi wa M23 waliuteka mji wa Bunagana, mpakani mwa Kongo na Uganda. Sisi tulitoka Rutshuru tukavuka pamoja na maelfu ya wengine, tukapitia kituo cha Nyakabande wilayani Kisoro, kisha tukaletwa Nakivale. Miguu yetu ilikuwa imefika, lakini masikio yalikuwa bado njiani.

Mashabiki wengi huhesabu magoli na vikombe. Mimi huhesabu kelele. Nimezikusanya kwa zaidi ya miaka kumi, katika makazi haya na katika viwanja vya vyuo mjini Mbarara, na kila mmoja wa wenzangu akinikumbusha matokeo ya mechi fulani, mimi namkumbusha jinsi ilivyosikika.

Uwanja usio na ukuta

Nakivale iko wilayani Isingiro, kiasi cha kilomita 60 kutoka Mbarara, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo. Ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao, na hivyo ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika. Leo ina wakimbizi zaidi ya 100,000: Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengineo. Vijiji vyenyewe vimebeba majina ya tulikotoka. Kuna New Congo, na kuna mtaa uitwao Kigali Ndogo.

Uwanja wa mpira hauna jukwaa. Watu husimama kwenye mteremko, hukaa juu ya jerikeni, na watoto hupanda mabegani mwa kaka zao. Kwa kuwa hakuna paa wala ukuta wa kurudisha sauti, kelele haibaki uwanjani. Inasafiri juu ya mabati na maturubai hadi kwenye mabomba, hadi kwenye mashamba ya mahindi, hadi kule wanakopokelewa wageni waliofika jana usiku.

Ukisikiliza vizuri, utagundua kwamba kelele ile ina vyumba. Warundi wana ngoma, na zikianza huwezi kusema na jirani yako. Vijana wa Kikongomani hupiga makopo matupu ya mafuta ya msaada, yale ya bati, kwa vijiti viwili. Wasomali hupiga makofi ya pamoja na kupaza neno “gool” ambalo halihitaji mkalimani. Mtu anapomtia moyo mchezaji, Mnyarwanda na Mrundi watasema “abana bacu”. Mnyankole mwenyeji, aliyekuja na baiskeli yake kutoka vijiji vya jirani, atasema “abaana baitu”. Sisi wa Kivu tunasema “batoto betu”. Yote ni maneno yale yale: watoto wetu. Na wanapotaka kuelewana wote kwa pamoja, kumzomea refa kwa mfano, wanatumia Kiswahili. Sijawahi kuona lugha inayounganisha watu haraka kama matusi mepesi kwa mshika kibendera.

Redio iliyotangulia televisheni

Septemba 4, 2016 nilikuwa ndani ya kibanda cha video, tumebanana kama dagaa. Uganda Cranes walikuwa wanacheza na Comoro katika uwanja wa Namboole. Uganda haikuwa imecheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika tangu 1978, ilipofika mchezo wa mwisho ikafungwa na Ghana. Miaka 38 ya kusubiri ilikuwa imekaa juu ya mabega ya vijana kumi na mmoja.

Nje ya kibanda alikuwapo mzee mmoja mwenye redio ndogo, hana pesa ya kiingilio. Picha yetu ilitoka kwenye setilaiti, na picha ya setilaiti huchelewa sekunde chache. Kwa hiyo Farouk Miya alipofunga katika kipindi cha kwanza, sisi tuliolipa tulikuwa bado tunatazama mpira ukijengwa, na mzee yule asiyelipa alikuwa tayari amepiga ukelele. Tuligeukiana. Tukajua goli linakuja, ila hatujui litapitia wapi. Kisha likaja, na kibanda kikapasuka. Mechi ikaisha 1-0, Uganda ikafuzu.

Nilichokitambua siku ile ni kwamba wengi wa waliokuwa wakipiga kelele hawakuwa na pasi ya Uganda, wala ya nchi yoyote. Walikuwa wakishangilia nchi iliyowapa kiwanja cha kulima na kadi ya mgawo. Hakuna aliyewauliza kitambulisho ili wapaze sauti.

Kiswahili kilichonikwama kooni

Nilipopata nafasi ya kusoma Mbarara nilidhani kelele nazijua. Mji huo una vyuo kadhaa, kikiwemo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa 1989, na Chuo Kikuu cha Bishop Stuart. Changu sitakitaja, maana nitasimulia jinsi tulivyofungwa.

Vyuo vya Uganda vina ligi yao ya soka, wanachezea nyumbani na ugenini, na mechi ya chuo ni jambo jingine kabisa. Kwenye mechi ya klabu mashabiki ni wa umri wote. Kwenye mechi ya chuo karibu wote ni vijana wa miaka ishirini na kitu, wamemaliza mtihani wa asubuhi, wana njaa, na wana wiki nzima ya maneno yaliyofungiwa darasani. Wanafunzi wa uuguzi wanasimama huku, wa biashara kule, na kabla ya kuwashambulia wapinzani wanashambuliana wao kwa wao. Nyimbo hutungwa papo hapo, kwa Kinyankole, Kiganda na Kiingereza. Kipa wa wageni akikaribia lango la upande wetu, tayari watu wanalijua jina la mpenzi wake.

Mechi ya kwanza nilisimama katikati ya sauti hizo zote nikiwa bubu. Timu yetu iliposhambulia, neno lililonitoka lilikuwa la Nakivale: “Mukaze!” Mwenzangu wa mbele akageuka, akanitazama, akauliza kwa utani, “Ssebo, wewe ni mwanajeshi?” Wakacheka. Nami nikacheka. Lakini kwa muhula mzima sikufungua tena mdomo uwanjani.

Utani ule una historia, na msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa huenda asiijue. Katika Uganda Kiswahili kilikaa kwa miaka mingi midomoni mwa askari, na watu wengi walikisikia mara ya kwanza kikiamrisha. Mbarara ina jeraha lake la ziada. Februari 1979, katika vita vya kumng’oa Idi Amin, majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa pamoja nayo waliuteka mji huu, na sehemu kubwa ya majengo yake ikabomolewa. Waliokuwa watoto siku hizo sasa ni babu na bibi wa wanafunzi wenzangu.

Kiserikali mambo yamebadilika. Katiba ilifanyiwa marekebisho mwaka 2005 na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kama somo la lazima shuleni. Lakini uamuzi wa baraza hauingii uwanjani kwa siku moja. Kijana haimbi katika lugha anayoiona ni ya kumtisha.

“Mpira wa nani?”

Muhula wa pili tulicheza na jirani zetu wa mji ule ule. Hadi mapumziko tulikuwa nyuma kwa mabao mawili. Watu walianza kuondoka kwenda kutafuta rolex na chai. Uwanja ukawa na ule unyonge ambao kila shabiki anaujua, wakati hata filimbi ya refa inasikika kama ya mbali.

Karibu na bomba la kunawia palikuwa na jerikeni tupu. Sijui kilichonipata. Niliichukua, nikaibana kati ya magoti na kupiga mdundo tuliokuwa tukiupiga juu ya makopo ya mafuta. Kisha nikauliza kwa sauti, kama tulivyouliza tangu utoto: “Mpira wa nani?”

Sikupata jibu. Nikauliza tena. Msichana mmoja, naye wa Nakivale, Mrundi niliyekuwa nikimwona tu maktabani, akajibu kutoka upande wa pili wa umati: “Wetu!” Mara ya tatu tulikuwa watu kumi. Wanyankole hawakuhitaji kamusi, maana “wetu” na “waitu” ni ndugu wa tumbo moja. Dakika ya sitini tulikuwa mamia, na tulikuwa tumerudisha bao moja. Yule aliyeniita mwanajeshi alikuja akaninyang’anya jerikeni, akasema mikono yangu imechoka.

Tulifungwa 2-1. Naomba hilo lieleweke, kwa sababu masimulizi ya mpira yana tabia ya kuongeza goli kila yanaposimuliwa. Lakini wiki iliyofuata niliusikia mdundo ule ukipigwa mezani kwenye bwalo la chakula na watu nisiowajua.

Jioni ile mlinzi wa getini, mzee wa makamo, alinisimamisha. Aliniambia kwamba mara ya mwisho kusikia Kiswahili kikipigiwa kelele na watu wengi namna ile alikuwa mtoto, na usiku huo walilala kwenye migomba. Nikaanza kuomba radhi. Akanikatiza: “Leo sikukimbia. Mwebare.”

Kelele hufanya nini

Wapo wasemao kelele ni mapambo tu, kwamba mpira huchezwa kwa miguu. Ushahidi unasema vingine. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia waamuzi 40. Wote walionyeshwa video ya makabiliano yale yale 47 kutoka mechi moja, baadhi wakisikia kelele za uwanja na wengine bila sauti. Waliosikia kelele waliamua faulo chache zaidi dhidi ya timu ya nyumbani. Hawakuhongwa wala hawakuwa na timu. Masikio tu yaliwasukuma macho.

Nguvu ya kelele inapimwa pia na mashine. Mazungumzo ya kawaida ni takriban desibeli 60. Rekodi ya dunia ya uwanja wa michezo wa wazi iliwekwa Kansas City, Marekani, Septemba 29, 2014, desibeli 142.2, kiwango ambacho sikio linaumia mara moja. Lakini kisa ninachokipenda ni cha chuo. Oktoba 8, 1988, huko Baton Rouge, Chuo Kikuu cha Louisiana State kilikuwa kikicheza na Auburn mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa zaidi kwa mikono. Dakika zikiwa zimebaki chache, Tommy Hodson alimrushia Eddie Fuller pasi iliyoleta pointi za ushindi, 7-6. Mashabiki waliruka na kupiga kelele kiasi kwamba mashine ya kupimia matetemeko ya ardhi, iliyokuwa chuoni hapo hapo, ilichora mstari. Mchezo huo hadi leo huitwa mchezo wa tetemeko.

Angalia vizuri kilichoandikwa na mashine ile. Haikuandika midomo, iliandika miguu. Mama yangu angeielewa haraka kuliko mtu yeyote.

Ukimya nao husikika. Machi 2020 Uganda ilifunga shule na kupiga marufuku mikusanyiko kwa sababu ya korona, na shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Ligi ya Ujerumani iliporudi Mei 16, 2020 bila mashabiki, tulisikia kwenye televisheni makocha wakifoka na mpira ukigonga mlingoti kama mlango unaobishwa. Uchunguzi uliofuata katika ligi za Ulaya ulionyesha kwamba faida ya kucheza nyumbani ilipungua, na wageni wakapewa kadi chache kuliko zamani. Huku Nakivale nyasi ziliota katikati ya uwanja. Watu wengine walisema ni amani. Mama alisema ni ukimya wa aina mbaya, ule unaokuja kabla ya kitu.

Na upo ukimya unaoshinda kelele. Katika Kombe la Mataifa lililochezwa Morocco kuanzia Desemba 2025, Mkongomani Michel Kuka Mboladinga alisimama jukwaani bila kutikisika, mkono juu, mfano wa sanamu ya Patrice Lumumba, huku wenzake wakiimba na kucheza kumzunguka. Dunia nzima ilimtazama mtu mmoja aliyenyamaza katikati ya maelfu.

Juni 20

Kila mwaka Juni 20, Siku ya Wakimbizi Duniani, Nakivale huwa na mpira. Katika mwaka wangu wa pili chuoni tulipanga wachezaji wetu waje kucheza na vijana wa huku. Tulikuja na taksi mbili na jerikeni zetu wenyewe, kana kwamba Nakivale ina upungufu wa jerikeni.

Nilikuwa na ombi moja tu kwa waandalizi. Asubuhi, kabla ya mechi, kijana mwenye kipaza sauti apite kwa boda boda hadi wanakokaa wageni wapya aseme kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kisomali: leo saa kumi kuna mpira, mtasikia kelele kubwa, msiogope, karibuni mtazame. Haigharimu kitu zaidi ya mafuta ya boda boda. Ningependa kila makazi ya wakimbizi katika ukanda wetu yafanye hivyo, na kila chuo kinachojirani na watu waliotoka vitani. Zabuni ya Kenya, Tanzania na Uganda ya kuandaa Kombe la Mataifa la 2027 iliitwa Pamoja. Neno hilo liwafikie na wale ambao kelele ya goli bado inawaangusha chini.

Mechi ilianza. Upande wetu tukauliza, “Mpira wa nani?” Umati wote, wa chuo na wa Nakivale, ukajibu, “Wetu!” Tukabaki tunatazamana, hatujui nani anamshangilia nani. Refa mwenyewe alicheka. Chuo kilitangulia kufunga. Nakivale ikasawazisha dakika za lala salama kwa kichwa cha kijana wa Kisomali aliyepokea kona ya Mkongomani, na hapo ngoma, makopo, jerikeni na midomo vilitoka kwa mara moja. Hiyo ndiyo kelele kubwa kuliko zote nilizowahi kuzikusanya.

Katikati yake niligeuka kutazama barabara. Mama alikuwa amesimama kwenye kona, mbali na umati, khanga imefungwa kiunoni kwa nguvu na viatu vya kamba miguuni badala ya ndala. Kwa miaka yote hii hakuwahi kukaribia uwanja. Nilimkimbilia nikidhani anataka kuondoka.

“Hukuogopa?”

“Makelele si shida,” alisema. “Mie nasikilizaka miguu. Watu bakikimbia, miguu inaenda upande moja. Bakifurahi, inarukaruka pale pale.”

Nikanyamaza nisikilize. Kweli, ardhi ilikuwa inapigwa mahali pamoja.

Mechi iliisha 1-1. Wachezaji wa chuo walipanda taksi kurudi Mbarara kabla ya giza. Mimi nilibaki hadi kesho yake. Tulirudi nyumbani kwa njia ya bombani, mimi na mama, pamoja na watu wengi waliokuwa wakibishana kuhusu ile kona, na hakuna aliyekuwa na haraka.